Mstari wa Mawe

Watoto, leo hatufungui buku la hesabu. Tokeni nje, kila mmoja atafute jiwe moja, lisipite ngumi yake kwa ukubwa, alilete hapa kiwanjani chini ya mwembe. Kabla ya kuyapanga mawe yenu, kaeni kwanza kivulini, niwasimulie habari ya mtoto aliyeitwa mwizi kwa sababu ya hesabu.

Habari hii ilitokea katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo. Wakati ule nilikuwa mwalimu mpya, nikifundisha kalasi ya pili. Katika kalasi yangu alikuwamo mtoto mmoja mtulivu, mwenye mwandiko mzuri. Jina lake silitaji, kwa maana leo ni mtu mzima, ana watoto wake, na hapendi kukumbushwa mambo yale.

Mama yake alianika ndakala. Ninyi mnaijua kazi hiyo. Wavuvi wanarudi alfajiri na mitumbwi yao, taa zimekwisha zimwa, wanawake wanangoja ufukoni na mabeseni. Kiisha ndakala wanatandazwa juu ya mchanga au juu ya utara, mpaka wakauke na kung'aa kama fedha. Mama huyo hakuuza kwa kilo. Aliuza kwa kopo, na kopo lake lilijaa mpaka likawa na kilima. Lakini alikuwa na shamba la mihogo pia, tena mbali. Kwa hiyo mchana, masomo yakiisha, mtoto wake aliketi sokoni mahali pake.

Sokoni kuna watu wanaolipa papo hapo, na kuna jirani wanaokopa. Mke wa fundi seremala alikuja siku ya Jumatatu, akachukua makopo saba kwa deni. Siku ya Ijumaa akachukua tena manne. Kila jioni mtoto alimwambia mama yake: «Leo mke wa fundi amechukua saba.» «Leo amechukua manne.» Mama hakujua kuandika. Alichukua kaa la moto lililozimika, akachora ukutani karibu na mlango mstari mmoja kwa kila kopo.

Jumamosi mke wa fundi akaja sokoni kulipa. «Mtoto, deni langu ni makopo mangapi?» Mtoto akahesabu vidoleni, akajibu: «Kumi, mama.» Akalipa kumi, akaenda zake.

Jioni mama alihesabu fedha, kisha akahesabu mistari ya makaa ukutani. Mistari ilikuwa kumi na moja. Fedha ilikuwa ya makopo kumi. Akamtazama mtoto wake, lakini hakusema neno.

Juma la pili mwingine alikopa makopo manane, kisha matano. Mtoto akaleta fedha ya kumi na mawili. Ukutani palikuwa na mistari kumi na mitatu. Juma la tatu mwingine tena, sita na matatu. Mtoto akaleta fedha ya manane. Ukutani, kenda.

Kila mara lilipungua kopo moja. Halikupungua mawili wala matatu. Mama akasema moyoni: mwizi wa namna hii ana akili, anakata kidogo kidogo ili nisijue. Alimfikiria mtoto wake akinunua mikate ya mafuta njiani pamoja na wenzake. Akamwita, akamwonyesha ukuta.

«Fedha ya makopo matatu iko wapi?»

«Mama, sikuiba.»

«Ukuta unasema uongo?»

Mtoto alilia, akaapa, akahesabu tena vidoleni mbele ya mama yake, na vidole vikajibu vilevile kama sokoni. Mama akaona ni ukaidi. «Basi, kuanzia Jumatatu hutakwenda masomo. Utabeba mchanga wa watu wanaojenga, mpaka uilipe fedha ile yote.»

Jumatatu sikumwona kalasini. Jumanne vilevile. Siku ya tatu, nikiisha kupiga kengele ya mchana, nikaenda kwao.

Mama alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanieleza yote pasipo kumficha mtoto wala kumtetea. Mtoto alisimama pembeni, mabega yake yana mchanga. Nikamwuliza: «Saba na nne ni ngapi?»

«Kumi, Bwana Mwalimu.»

«Nionyeshe.»

Akainua kidole kimoja, akasema «saba». Cha pili, «nane». Cha tatu, «kenda». Cha nne, «kumi». Vidole vinne, maneno manne. Alikuwa ameongeza nne, kwa jinsi alivyofahamu yeye.

Nikanyamaza, kwa maana nilijua nani alimfundisha hivyo. Kalasini kwangu nilikuwa nimechora ubaoni mstari wa namba, kutoka moja mpaka ishirini. Nilikuwa nikiwaambia watoto: «Wekeni kidole juu ya saba, hesabuni nne.» Sikuwaambia kama pale penye saba panahesabiwa au hapana. Wengine walifahamu wenyewe. Wengine hawakufahamu, nami niliweka alama nyekundu katika daftari zao, nikaendelea na somo lingine. Kosa la mtoto yule, nusu yake ilikuwa yangu, na labda kupita nusu.

Nikamwambia: «Lete mawe.»

Tukayapanga uani, kutoka mlangoni kwenda jikoni, jiwe moja kila hatua moja. Mtoto akakanyaga jiwe la kwanza, lile la mlangoni, akasema: «Moja.»

«Ngoja. Kutoka mlangoni umetembea hatua ngapi?»

«Bado sijatembea.»

«Basi jiwe hilo si moja. Hilo ni sifuri. Sifuri ni mahali tunaposimama kabla ya kuondoka.»

Akaanza. Hatua moja, jiwe la moja. Hatua mbili, jiwe la mbili. Akafika penye saba, akasimama. «Sasa ongeza nne.» Akapiga mguu chini palepale, akasema «moja». Nikamshika bega.

«Umetembea?»

«Hapana.»

«Mbona unahesabu?»

Akaitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akainua mguu wa kuume, akaupeleka penye jiwe la nane, na hapo ndipo aliposema «moja». Kenda, «mbili». Kumi, «tatu». Kumi na moja, «nne». Akasimama. Akageuka kuutazama ukuta wenye makaa, akakimbia kuhesabu mistari ya mke wa fundi, ile saba na ile minne, akigusa mmoja mmoja kwa kidole. Kumi na moja.

Mama aliweka ungo wake chini. Hakuniuliza kitu. Alikuja mwenyewe mlangoni, akatembea hatua nane, akasimama, akatembea tano zaidi. Mawe yalikuwa yamekwisha, akaendelea pasipo mawe mpaka jikoni penyewe: kumi na tatu. Akarudi mlangoni, akatembea sita, kisha tatu: kenda. Akanigeukia, akasema:

«Bwana Mwalimu, kumbe fedha yangu iko kwa wale waliokula ndakala!»

Jioni ileile alikwenda katika nyumba tatu. Wawili walilipa kopo lililosalia. Mmoja alisema kilichokwisha lipwa kimekwisha lipwa, na mama akaacha. Alhamisi mtoto alikuwa tena kalasini, mahali pake karibu na dirisha.

Siwezi kuwaficha neno moja. Nilipokuwa naaga, mama yule alinionyesha utara wake wa kuanikia. «Mwalimu, upande huu nimesimika miti sita. Katikati ya miti kuna nafasi ngapi?» Nikajibu upesi: «Sita.» Akacheka sana. Hesabuni wenyewe: chukueni vijiti sita, mvisimike mchangani, mhesabu nafasi. Ni tano. Mwalimu naye alikuwa amehesabu miti mahali pa kuhesabu nafasi, kosa lile lile la mwanafunzi wake.

Sasa simameni. Mawe yenu yako mikononi? Tuanze.

Kwanza tunavuta kamba kutoka mwembe mpaka ukuta wa kalasi, ili mstari usipinde. Kisha tunakata fimbo moja. Kila nafasi itapimwa kwa fimbo hii, na nyingine isitumike. Mwaka jana watoto walipanga kwa miguu yao, mwenye miguu mirefu akaweka mawe mbali, mwenye miguu mifupi akayaweka karibu. Mstari ukawa na nafasi kubwa kati ya 3 na 4, na nafasi ndogo kati ya 8 na 9. Mtu akiutazama anadhani kutoka 3 mpaka 4 ni safari kupita kutoka 8 mpaka 9. Sivyo. Kila namba imeizidi ile iliyoitangulia kwa moja tu, na moja ni moja siku zote. Ndiyo sababu nafasi zote ziwe sawasawa.

Jiwe la kwanza tunalipaka majivu, liwe jeupe. Hilo ndilo sifuri. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kitupu. Mtakapokuwa wakubwa mtaona ya kuwa neno la Kifaransa zéro, na neno chiffre pia, yametoka katika neno lile lile. Watoto wengi hudhani sifuri si namba, kwa kuwa hakuna kitu ndani yake. Lakini mmeona katika habari yetu: kusahau sifuri kulimtoa mtoto masomoni siku tatu.

Jiwe la kumi tunalipaka udongo mwekundu. La ishirini vilevile, na la thelathini. Msiyapake mengine. Macho yakitafuta 28 yaende kwanza penye jiwe jekundu la 30, kisha yarudi nyuma mawili, pasipo kuanza tena kutoka mwembeni.

Sikilizeni sasa majina ya namba. Kiswahili kinatusaidia sana. Baada ya kumi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jina lenyewe linasema: fika kwenye jiwe jekundu, halafu ongeza hatua moja, mbili, tatu. Katika Kifaransa mtasikia onze, douze, treize, na hamtaona kumi imejificha wapi mpaka mfike dix-sept, ambapo inajitokeza wazi: kumi-saba. Ishirini na thelathini katika Kiswahili hazijielezi hivyo, kwa kuwa ni maneno ya Kiarabu. Lakini wazee wetu husema makumi mawili, makumi matatu, nao wanasema vizuri. Na ile namba inayotangulia kumi, hapa kwetu tunaiita kenda. Jirani zetu wa Tanzania huiita tisa. Ni jiwe moja lenye majina mawili.

Nani atasimama wa kwanza? Wewe. Simama penye 5. Wewe mwingine, simama penye 12. Nani yuko mbali zaidi na mwembe? Mwenye 12. Basi 12 ni kubwa kupita 5. Ni kubwa kwa ngapi? Msikisie. Mwenye 5 atembee mpaka amfikie mwenzake, nasi tuhesabu hatua zake: moja penye 6, mbili penye 7, mpaka saba penye 12. Tofauti ni saba. Mkumbuke: hatuhesabu jiwe tunalosimama juu yake, tunahesabu hatua.

Kuongeza ni kwenda mbele, kuiacha sifuri mgongoni. Kutoa ni kurudi kuelekea mwembe. 11 toa 4: simama penye 11, rudi hatua nne, 10, 9, 8, 7. Unaona umerudi palepale mtoto yule alipoanzia. Kutoa kunavunja njia iliyofanywa na kuongeza, hatua kwa hatua. Ukitaka kujua kama umeongeza vema, rudi nyuma hatua zilezile, utazame kama unafika ulikotoka.

Wenye miguu mizuri wataruka. Ruka mawili mawili kutoka sifuri: 2, 4, 6, 8, 10. Ruka matano matano: 5, 10, 15, 20. Mtu anayeruka tatu tatu hakanyagi jiwe la kumi, analiruka juu: anatoka 9, anaangukia 12. Jaribuni, mtacheka. Lakini mruko wenye faida kupita yote ni mruko wa kumi. Tuseme 28 na 15. Mtoto mdogo ataanza 29, 30, 31, na atachoka, na akichoka atakosea. Mwenye akili anaruka kumi nzima kutoka 28, anaangukia 38. Zimesalia tano. Anachukua mbili kufika jiwe jekundu la 40, kisha tatu zilizobaki: 43.

Na kule sokoni? Mnajua wenye maduka wanavyorudisha fedha. Kitu ni franka 700, umempa 1000. Mwenye duka haandiki hesabu ya kutoa. Anasema «mia saba», halafu anaweka noti za mia mkononi mwako: «mia nane, mia kenda, elfu». Amekupa noti tatu. Huo ni mstari wetu uleule, ila nafasi moja ni franka mia. Angalieni vema anapotaja «mia saba»: mkono wake bado ni mtupu. Akiweka noti ya kwanza huku akitaja «mia saba», atakupa noti nne, nawe utakuwa umepata faida isiyo yako.

Watu wa reli nao wanaufahamu mstari huu. Reli kutoka Kabalo, kando ya mto Lualaba, mpaka ziwani Kalemie ina urefu wa kilometa 273. Ilifika ziwani mwaka 1915, na siku zile Kalemie uliitwa Albertville. Fikirini reli yote kama mstari, sifuri yake Kabalo, mwisho wake 273. Gari la moshi limesimama penye kilometa 198. Limebakiza ngapi? Hatua 2 mpaka 200, kisha 73 mpaka 273. Jumla 75. Hatukuandika kitu, tumetembea tu kwa akili.

Msidhani mambo haya yameletwa kwetu na watu wa mbali peke yao. Katika nchi yetu ya Kongo, mahali panapoitwa Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji mmoja mwenye kuchunguza ardhi, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo mwaka 1950. Urefu wake ni kama wa kiganja, na kwenye ncha yake umekazwa kipande cha jiwe gumu. Kando ya mfupa mtu alikata alama ndogondogo kwa kisu cha jiwe, safu tatu. Wenye elimu wanasema mfupa huo una miaka karibu elfu ishirini. Leo umetunzwa Brussels, Ubelgiji.

Katika safu moja alama zimekatwa kwa mafungu manne: 11, 21, 19, 9. Tazameni mstari wetu. 9 ni hatua moja kabla ya jiwe jekundu la kumi, 11 ni hatua moja baada yake. 19 ni hatua moja kabla ya ishirini, 21 ni hatua moja baada yake. Ongezeni yote manne: ni 60. Safu nyingine ina 11, 13, 17, 19, na jumla yake pia ni 60. Safu ya tatu ni 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, jumla 48. Wengine wanasema mtu yule alikuwa anahesabu siku za mwezi, wengine wanasema alikuwa anacheza na namba, wengine wanasema alikata ili mfupa usiteleze mkononi. Wanashindana mpaka leo. Mimi nikiutazama katika picha ninaukumbuka ukuta wa mama yule wenye makaa: alama moja kwa kitu kimoja, na hakuna kitu kilichosahauliwa. Mama hakujua kusoma, lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli, na ya mwanafunzi wa kalasi ya pili ilikuwa ya uongo.

Wakubwa wa kalasi ya tano, nanyi msisinzie. Mtoto mmoja aliniuliza siku moja: «Mwalimu, nyuma ya sifuri kuna nini?» Wenzake walicheka. Walisema kuna mwembe. Lakini lilikuwa ulizo jema. Mtu mwenye makopo 3 akiahidi kumpa mwenzake makopo 5, anarudi nyuma hatua tano kutoka 3: 2, 1, 0, na bado ana deni la hatua mbili. Anasimama upande mwingine wa sifuri, ndani ya deni.

Na ziwa letu linayo namba ya namna hiyo. Safari hii tusimamishe mstari wetu wima kama mti, na sifuri iwe ni uso wa bahari. Uso wa ziwa Tanganyika uko juu ya bahari kwa metre karibu 770. Penye kilindi chake kikubwa, kutoka usoni mpaka chini ni metre karibu 1470. Shukeni sasa: mkishuka 770 mmefika sifuri, usawa wa bahari, na bado mko majini. Zimesalia 700. Basi pale kilindini udongo wa chini ya ziwa letu uko metre 700 chini ya uso wa bahari, ingawa bahari iko mbali nasi safari ya siku nyingi.

Haya, mawe yameisha pangwa. Msiyaondoe. Wadogo wa kalasi ya kwanza watakuja hapa kesho asubuhi, na kila mmoja wenu atamshika mkono mtoto mmoja. Msimwambie jibu. Mwacheni akosee, kisha mwulizeni: umetembea?

Maulizo

1. Simama penye 9. Ongeza 6. Umesimama wapi? Rudi hatua 8. Sasa uko wapi?

2. Mtoto mmoja anasema 5 na 3 ni 7. Mwenzake anasema 14 toa 4 ni 11. Waonyeshe wote wawili mahali walipokosea. Usiwaambie tu kwamba wamekosea.

3. Baba aliondoka na mtumbwi tarehe 7, akarudi tarehe 11. Amelala ziwani mara ngapi? Amekuwa safarini siku ngapi, ukihesabu ile aliyoondoka na ile aliyorudi? Kwa nini majibu si mamoja?

4. Tunataka kupanda miti ya mapapai kando ya kiwanja chenye urefu wa metre 20, mti mmoja kila metre 5, na tunaanzia penye pembe. Tutafute miche mingapi?

5. Kutoka sifuri ruka tatu tatu, na mwenzako aruke nne nne. Ni mawe gani mnayokanyaga ninyi wote wawili, kabla ya 30?

6. Gari la moshi limetoka Kabalo, likasafiri kilometa 87, likapumzika, likasafiri tena 96. Liko penye kilometa gani? Fanya kwa miruko ya kumi, kisha useme umeruka namna gani.

7. Nyumbani mwulize bibi au babu: watu wasioandika walihesabuje mbuzi, deni au siku za safari? Kama walikata alama katika fimbo, au walifunga mafundo katika kamba, jaribu kuzifanya alama hizo na kuzileta kalasini.